Ujumuishi shule binafsi: wanafunzi muanzie wapi (mwongozo wa hatua kwa hatua)

Kila shule zikifunguliwa meseji zinaanza. Ticha tunataka kuanzisha klabu ya usawa shuleni kwetu tunaanzaje, ticha mkuu ataturuhusu kweli, ticha wiki ijayo tuna siku ya utamaduni tufanye nini. Majibu yangu ni yaleyale kwahiyo nayaweka hapa mara moja, mtu akiniuliza tena namtumia hii. Mimi ni mlezi wa kikundi cha ujumuishi, yaani cha kusaidia kila mwanafunzi ajisikie shule ni pake, kwenye shule binafsi ya bweni hapa Tanzania, ya mchanganyiko, ndo maana mifano mingi ni ya bweni, ila nyie wa kutwa humo humo mtapata chenu.

Niseme msimamo wangu mapema ili usije ukafika katikati ndo ukanuna. Siku ya utamaduni siyo pa kuanzia. Vitenge, ngoma, sahani ya mtori huku pilau kule, picha, tumemaliza. Kesho yake yule anayesomeshwa na mfadhili bado anaitwa jina mstarini kwamba hajalipa mchango, na yule anayefunga bado anakula magharibi ugali uliopikwa saa saba mchana. Anzia kwenye ratiba, kanuni, jiko na bweni. Sherehe mtafanya mkishakuwa na cha kusherehekea.

Na shule binafsi zina tabu yake na nafuu yake. Tabu ni kwamba kwa kuwa wote wamevaa sweta moja na wote wanalipiwa ada, watu wanadhani wote wako sawa. Wakati unakuta darasa moja lina mtoto wa mwenye kampuni, mtoto wa mwalimu wa hapohapo anayesoma kwa punguzo, mfadhiliwa aliyetoka kijijini ambaye basi la kuja shule ndo lilikuwa basi lake la kwanza la mkoani, Mhindi wa Upanga, Mmasai, Msabato, na aliyetoka Kayumba (shule ya msingi ya serikali) ambaye Kiingereza anakikuta hapo. Nafuu yake ni kwamba mambo mengi yanaamuliwa hapohapo, mkuu akikubali saa nne, saa saba jikoni wameshaambiwa.

Nadharia sitaki iwe ndefu. Jua tu kwamba Katiba ya 1977 ibara ya 13 inakataza ubaguzi na ibara ya 19 inalinda uhuru wa dini, Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 5 kinakataza kumbagua mtoto kwa jinsia, rangi, dini, lugha, ulemavu, hali ya afya, kabila, hali ya kiuchumi na mengine, halafu kuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Vijue, viandike nyuma ya daftari, na usiende navyo kwa mkuu kikao cha kwanza kama umekuja kumshtaki. Utaelewa kwanini tukifika hatua ya 6.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Mwalimu mmoja wa kuwa mlezi. Siyo lazima awe yule anayependwa na shule nzima, bora awe anayeheshimika ofisini na asiyetembeza maneno.
- Wanafunzi watano mpaka nane, siyo hamsini.
- Nakala ya kanuni za shule na fomu ya maelekezo ya kujiunga, ile mliyopewa kabla ya kuripoti. Wengi wameisaini na hawajawahi kuisoma.
- Ratiba ya masomo, ratiba ya jikoni, na ratiba ya mitihani ya ndani.
- Kalenda ya muhula yenye sikukuu na mifungo ya dini zote zilizopo shuleni kwenu. Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka kwahiyo usitegemee kumbukumbu ya mwaka jana.
- Kaunta buku moja, inakaa kwa mlezi, haikai bwenini.

Tisheti, bango, jina la kuvutia na akaunti ya Instagram havimo kwenye hii orodha na sijavisahau.

HATUA

1. Zunguka shule wiki mbili bila kutangaza chochote

Angalia tu. Simama kwenye foleni ya chakula uone nani anakaa na nani na nani anakula peke yake kila siku. Siku ya kutembelewa na wazazi uone nani anajificha maktaba kwa sababu hakuna atakayekuja. Angalia nani hachaguliwi kwenye kazi za makundi, nani anaitwa kwa jina la utani linalohusu kabila lake au ngozi yake, nani akiugua anaogopa kwenda zahanati ya shule. Soma ubao wa matangazo, je kuna orodha ya wadaiwa pale yenye majina kamili? Ingia choo cha wasichana na cha wavulana (kila mtu chake jamani), je mwenye magongo anaingia? Kuna ngazi ngapi mpaka maabara?

Andika unachoona bila majina ya watu. "Form two mmoja hula akiwa amesimama nje" inatosha.

Kosa la kawaida hapa ni kwenda na jibu mkononi. Mmeona video mtandaoni ya shule ya Marekani wanazungumzia jambo fulani basi na nyie mnalitafuta kwenu kwa nguvu, wakati jambo la kwenu limekaa palepale bwaloni linawaangalia.

2. Tafuta mlezi, halafu ruhusa

Mwendeeni mwalimu mkiwa wawili, siyo mmoja na siyo kumi. Msimwambie "tunataka kupambana na ubaguzi shuleni" maana hapo umeshaiambia shule kwamba ni ya kibaguzi, mwalimu atajihami. Sema hivi: "Mwalimu, kuna mambo madogo madogo ya wanafunzi wenzetu tumeyaona, tungependa kusaidia yatengenezwe kwa utaratibu, tunaomba utulee." Ni kweli na haimtishi mtu.

Mlezi ndo atawapeleka kwa mkuu wa shule. Ombeni ruhusa ya maandishi hata kama ni mistari mitatu, muigandishe kwenye kaunta buku. Walimu wakuu wanahama, na mpya akija akakuta kikundi hakina karatasi mtaanza upya.

3. Kusanya watu, na uwachanganye makusudi

Usichukue waathirika peke yao, mtaitwa kikundi cha walalamikaji kabla hamjakaa kikao cha pili. Usichukue viranja peke yao pia, mtoto wa form one hawezi kumwambia kiranja wa bweni kwamba bweni linamuonea. Ninavyopenda mimi: mmoja wa form one au two, mmoja aliyehamia form five kutoka shule ya serikali (huyu ana macho mapya, anaona vitu nyie mmeshavizoea), mmoja mwenye ulemavu kama yupo na kama ANATAKA, Muislamu, Mkristo, mtu wa kutwa kama shule ina wa kutwa, na mmoja maarufu wa mpira au wa muziki ambaye watu wanamsikiliza bila sababu ya msingi.

Vyama vya dini kama TAMSYA, UKWATA, TYCS na CASFETA huwa vipo tayari. Msishindane navyo. Waombeni kila kimoja kilete mjumbe, mtakuwa mmejiokoa na maneno mengi sana huko mbele.

4. Sikilizeni watu, kwa masharti

Hapa ndo watu wengi wanaharibu kwahiyo soma taratibu.

Fanyeni vikao vidogo vya watu wanne watano, baada ya prepu au Jumapili mchana, swali moja tu: ni kitu gani hapa shuleni kinakufanya ujisikie siyo pako? Mmoja anauliza, mmoja anaandika, hakuna anayebisha. Asije mtu akasimulia halafu ukamjibu "ah lakini hawakumaanisha hivyo". Hujaulizwa.

Masharti ni haya. Hakuna kurekodi kwa simu (na simu zenyewe shule nyingi haziruhusiwi, msijitafutie kesi). Hakuna kuandika majina. Hakuna kumlazimisha mtu awe mfano, yaani usimwambie mwenzio mwenye ualbino asimame mbele aeleze maisha yake eti ndo elimu kwa wengine. Na la afya ndo kabisa: kuna wenzenu wanatumia dawa kila siku, za VVU, za kifafa, za sikoseli, na sababu ya kuzificha wanaijua wao. Kikundi chenu hakina ruhusa ya kujua nani anatumia nini. Mnachoweza kuomba ni utaratibu, kwa mfano matroni awe na saa maalumu ambayo mtu yeyote anaweza kuingia kwake bila kuulizwa mlangoni na kiranja unaenda wapi.

Kuna vitu mtasikia ambavyo siyo vya kikundi. Mtu akisema anapigwa, anaguswa vibaya, au ana mawazo ya kujidhuru, kikao kinaishia hapo, anapelekwa siku hiyohiyo kwa mlezi au mwalimu wa malezi. Kama anayetajwa ni mwalimu au mnaogopa, kuna namba 116 ya huduma kwa mtoto, ni bure. Msikae na jambo kama hilo kwenye kaunta buku mkisubiri kikao cha Jumapili.

5. Chagueni jambo MOJA

Mtatoka na mambo ishirini. Mtataka kuyafanya yote. Msifanye.

Jambo la kwanza liwe na sifa hizi: linaweza kuisha ndani ya muhula, halina gharama kubwa, linawagusa watu wengi kidogo, na anayeliamua mnamjua. Hiyo ya mwisho watu wanaisahau. Mambo ya chakula yako kwa mpishi mkuu na mtunza stoo, bweni liko kwa matroni na patroni, majaribio yako kwa mwalimu wa taaluma, orodha za wadaiwa ziko kwa mhasibu, na sare ziko juu kabisa, kwa mkuu na bodi. Na shule nyingi binafsi mkuu wa shule anaongoza ila kitu chochote chenye hela kinaenda kwa mkurugenzi, kwahiyo ukiona mkuu anasema "nitawajibu" wiki ya tatu sasa, siyo kwamba hataki, bado hajampata mwenye mali.

Nawapa mifano ambayo kwa kawaida inawezekana.

Majina ya wadaiwa. Badala ya kusoma mstarini, mhasibu amtumie mzazi meseji, au kila mwanafunzi apewe bahasha iliyofungwa, HATA aliyemaliza kulipa anapewa yake imeandikwa salio sifuri. Ukiwapa wadaiwa tu bahasha, umewasoma mstarini kwa njia nyingine.

Jaribio la Jumamosi. Wasabato wapo, na kama shule yenu inafanya majaribio Jumamosi asubuhi, wao kila wiki wanachagua kati ya alama na ibada. Ombeni lihamie Ijumaa jioni kabla jua halijazama au Jumapili mchana. Mkifikia hapo angalieni pia msiwabane wa swala ya Ijumaa, na wa kanisani Jumapili asubuhi.

Mwenye ualbino darasani. Wengi wana uoni hafifu ambao hata miwani haiumalizi, kwahiyo anahitaji kukaa mbele, karatasi ya maandishi makubwa, na mwalimu asome kwa sauti anachoandika ubaoni. Baraza la Mitihani lenyewe linatoa maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu na muda wa nyongeza, sasa kama mtihani wa taifa unampa, kwanini jaribio la wiki halimpi? Hoja hiyo walimu wa taaluma wanaielewa haraka kuliko hotuba yoyote. Kofia na mikono mirefu viruhusiwe kwenye kanuni ya sare, siyo aombe ruhusa kila akibadilishiwa mwalimu wa zamu, na losheni ya jua (ile Kilisun inatengenezwa Moshi, hospitali ya KCMC) ikae zahanati ya shule kama zinavyokaa panadoli.

Wa sikoseli. Maji ya kunywa muda wote, maji ya moto ya kuoga msimu wa baridi, asipewe adhabu ya kukimbia uwanja. Tena hapa msitaje jina, andikeni "mwanafunzi yeyote mwenye cheti cha daktari".

Waliotoka Kayumba. Shule ina kanuni ya Kiingereza tupu, mtoto wa form one anavalishwa kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili, matokeo yake anakaa kimya mpaka Aprili. Sisemi mfute kanuni, hamtaweza. Ombeni miezi mitatu ya mwanzo bila kibao, na kila form one apewe mtu wa form three wa kumshika mkono kwenye prepu.

6. Andikeni ombi la ukurasa mmoja

Kabla hamjaandika nendeni kwa anayefanya ile kazi kwa mikono yake. Huu ni ushauri wangu mkubwa kuliko wote humu ndani. Mpishi akisema haiwezekani, haiwezekani, hata mkuu asaini kwa wino wa dhahabu.

Chukua hili la Ramadhani. Shule nyingi za bweni za mchanganyiko zinafanya hivi: chakula cha mchana kinapikwa mara moja kwa wote, cha wanaofunga kinapakuliwa palepale, sahani zinafunikwa kwa sahani nyingine zinapangwa dirishani bwaloni. Ikifika adhana ya magharibi ugali umeota ngozi juu, maharage yameganda pembeni, na mchuzi wa sahani ya chini umeingia kwenye kitako cha ya juu. Hakuna aliyekusudia ubaya hapo, mpishi anataka kuosha masufuria mapema arudi kwake. Sasa ukienda kwa mkuu na neno ubaguzi, mpishi anaitwa, anafokewa, na mwezi mzima uliobaki mnapikiwa na mtu aliyenuna. Ukienda kwa mpishi kwanza, utakuta yeye mwenyewe anajua dawa, atakwambia sufuria dogo lipo, kuni zinatosha, tatizo ni nani atabaki kupakua. Na hilo ni tatizo la wanafunzi wawili wa zamu, basi, limeisha.

Halafu ndo mnaandika. Mfano:

"Kwa: Mkuu wa Shule. Kupitia: Mlezi wa kikundi.
YAH: OMBI LA KUBADILI UTARATIBU WA CHAKULA KWA WANAOFUNGA
Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwezi wa Ramadhani wanafunzi wanaofunga hupakuliwa chakula mchana na kukila jioni kikiwa kimepoa. Tunaomba: (a) sehemu yao ya mchana ipikwe jioni na ipakuliwe saa 12:30, (b) uji wao wa asubuhi upikwe jioni uwe wa futari, (c) chakula cha daku kiwekwe kwenye hotpoti usiku ili mpishi asilazimike kuamka saa 10. Kiasi cha chakula hakiongezeki. Mpishi mkuu ameshauriwa na amekubali. Zamu ya kupakua itafanywa na wanafunzi, majina yameambatanishwa. Tunaomba ijaribiwe wiki moja, tutaleta taarifa Jumamosi."

Angalia halina neno la lawama, halina kifungu cha sheria, linaeleza gharama, linaeleza nani atafanya, na lina muda wa kujaribu. Neno "ijaribiwe" linafungua milango sana, mkuu hajisikii amefungwa.

Sheria inaingia pale ombi la staha limekataliwa bila sababu, na inaingia kupitia mlezi au wazazi. Angalieni majirani zetu Kenya: suala la wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu na suruali kwenye shule moja ya Isiolo inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti lilifika Mahakama ya Rufani ikawapa haki wanafunzi mwaka 2016, halafu Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo Januari 2019, tena kwa sababu za utaratibu wa kesi. Sisemi mahakama haina kazi. Nasema form one aliyeanza na kesi kama hiyo anamaliza form four kesi bado haijamaliza.

7. Kaeni kikao na uongozi

Watu watatu tu waingie. Mmoja anaeleza, mmoja anajibu maswali, mmoja anaandika. Salimieni, elezeni dakika tano, nyamazeni. Kunyamaza ni kazi, vijana mnapenda kujaza kimya kwa maneno na hapo ndo mnaharibu ombi zuri.

Mkiulizwa "nani kawaambia?" jibu ni moja: "Wanafunzi kadhaa, tumewaahidi hatutataja." Kama mlezi wenu mlimchagua vizuri atawashikia hapo.

Maamuzi yaandikwe yasomwe kabla hamjatoka. Hata kama jibu ni hapana, liandikwe na sababu yake.

8. Jaribuni, pimeni, mrudishe taarifa

Mlisema wiki moja, basi Jumamosi taarifa iwe mezani hata kama mambo hayakwenda. Hesabuni vitu vinavyohesabika: wangapi walikula cha moto, sahani ngapi zilibaki, zamu ngapi hazikutokea. Ukisema "wanafunzi wamefurahi sana" hujasema kitu.

Zamu zisizotokea ndo zitakazowaua, nawaambia kabisa. Siku ya nne mtu ana jaribio la fizikia hajaja kupakua, mpishi kabaki mpaka saa 2 usiku, kesho hataki tena. Wekeni wa akiba.

9. Likiwa limefanikiwa, liingizwe kwenye karatasi

Kitu kinachotegemea wema wa mkuu aliyepo kitaondoka naye. Ombeni kiingie kwenye ratiba rasmi ya jikoni, kwenye kanuni za shule, au kwenye fomu ya kujiunga ya mwaka unaofuata. Fomu ya kujiunga ndo dhahabu, maana mzazi wa mtoto mwenye ulemavu au wa Kisabato akisoma mle akakuta kumeandikwa wazi, anamleta mtoto bila hofu, na mkurugenzi akiona wazazi wanakuja kwa sababu hiyo hamtahitaji kumbembeleza tena.

10. Rithisheni mapema

Form four wana mtihani wa taifa Novemba, form six Mei. Ukisubiri mpaka moko (mitihani ya majaribio kabla ya ule wa taifa) zianze ndo umtafute mrithi umechelewa. Mie nataka form three anaongoza vikao kuanzia Juni, wakubwa wanakaa nyuma wanashauri. Kaunta buku inakabidhiwa mbele ya mlezi, ukurasa wa kwanza uwe na orodha ya mambo yaliyoisha, yanayoendelea na yaliyokataliwa na kwanini.

KUHUSU UTANI, MAANA LAZIMA MTAKUTANA NAO

Sisi tuna utani wa makabila na ni kitu kizuri, Mngoni na Msukuma watachambana na kucheka wote. Kwahiyo mkitangaza "marufuku utani" mtachekwa, na mtakuwa mmekosea kweli. Angalieni mambo mawili. Je anayetaniwa anaweza kurudisha na mkacheka tena? Na je unagusa kitu cha watu wengi au unagusa mwili wa mtu mmoja? Mchaga kuambiwa anapenda hela, atakujibu na wewe utanyamaza. Mwenye ualbino kuitwa lile jina, au mtoto wa Kihindi kuigizwa lafudhi kila akinyoosha mkono darasani mpaka ameacha kunyoosha, hapo hakuna anayerudisha. Mkikuta la namna hiyo kaeni na anayetania pembeni, mtu wa rika lake amwambie. Mstarini hapana, mkimuanika atakuwa shujaa wa bweni.

YAKIKWAMA

Mkuu amekataa kabisa kikundi. Usiunde kikundi cha siri. Nenda ndani ya kilichopo, serikali ya wanafunzi ina kiranja wa chakula, wa afya, wa taaluma, pelekeni jambo moja kupitia yeye kama jambo la idara yake. Baraza la shule nalo lipo kwa kazi hiyohiyo. Jina la kikundi mtalipata baadae.

Viranja wanatuona tunawachukulia kazi. Mara nyingi ni kweli mnawachukulia. Mpeni kaka mkuu au dada mkuu taarifa kabla hamjaenda ofisini, na likifanikiwa mwacheni yeye alitangaze.

Shule yetu ni ya dhehebu, tumeambiwa anayekuja anajua. Ibada ya shule msiiguse. Ombeni vitu ambavyo havigusi imani ya shule: chakula, afya, heshima bwenini, adhabu, ada. Kazi ipo ya kutosha humo miaka mitatu.

Watu hawaji kwenye vikao. Vikao vyenu ni virefu. Nusu saa, jambo moja, mtu atoke na kazi mkononi.

Mzazi kaja juu, anasema tunamharibia mtoto. Msimjibu nyie. Mlezi na mkuu ndo wanaongea na wazazi, nyie toeni kaunta buku waone mlichoandika. Ndo maana tumesema isiwe na jina la mtu.

Siri imevuja. Simamisheni vikao vya kusikiliza mara moja, mlezi aonane na aliyevujishiwa peke yake, aulizwe anataka nini kifanyike, siyo nyie mnataka nini. Aliyevujisha anatoka kwenye kikundi hata kama ni mwenyekiti.

Tunataka kuweka mtandaoni ili wasikie. Najua mmeona mifano. Mwaka 2020, George Floyd alipouawa Minneapolis, wanafunzi wa shule binafsi za Marekani na waliowahi kusoma huko walifungua akaunti za Instagram zenye "Black at" halafu jina la shule, wakasimulia yaliyowapata bila kujitaja, na shule zilitikisika kweli. Ila wengi waliokuwa wanaandika walishamaliza. Wewe bado unalala bwenini kwao na cheti chako hakijatoka. Pia wenzenu kule walipata njia nyingine, chama cha shule binafsi, NAIS, kilianza miaka ya 1990 kuwaandalia wanafunzi mkutano wao wa mambo haya, unaitwa SDLC. Sisi hatuna wa hivyo, lakini hakuna kinachowazuia kualika kikundi cha shule jirani siku ya mdahalo mkakaa saa moja mkabadilishana kaunta buku.

Tumefanya muhula mzima na hatujapata hata kimoja. Fungua daftari uangalie nani alikuwa anaamua yale mliyoomba. Naweza kubeti yote yalikuwa ya mkurugenzi. Muhula ujao chukueni la mpishi.